Kocha wa Montreal aliyetokea kufundisha watoto

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo sizungumzii baridi wala makaratasi ya uhamiaji, leo nina stori ya jamaa anaitwa Martin St. Louis, kocha wa Montreal Canadiens, ambaye kwenye mji huu kila mtu ana la kusema juu yake, hata yule asiyejua kuteleza kwenye barafu, kama mimi.

Kwanza kwa wale wasioijua hoki ya barafu, nitaenda haraka. Wachezaji watano na kipa kila upande, viatu vina kisu chini, fimbo mkononi, wanagombania paki, kile kisahani cha mpira mgumu ambacho kinagandishwa kabisa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Mtu anaingia uwanjani anakimbizana sekunde arobaini na kitu hivi, anachoka, anaruka kurudi benchi, mwingine anaingia, na mechi haisimami. Kwahiyo kocha wa hoki hakai akikunja mikono, muda wote anaita nani aingie nani atoke. Na wachezaji ni majitu, ukimwona mmoja amevaa zile pedi unadhani ni kabati linatembea.

Sasa Martin ana futi tano na inchi nane.

Amezaliwa 1975 pale Laval, unavuka mto tu kutoka hapa Montreal, yaani ni mtoto wa nyumbani, anaongea Kifaransa na Kiingereza. Akaenda chuo kikuu cha Vermont kule Marekani, akafanya makubwa, lakini kila mwaka NHL, ndo ligi kuu ya Marekani na Kanada, ina drafti, timu zinakaa zinachagua vijana mmoja baada ya mwingine mpaka mamia, na huyu hakuna aliyemchagua. Hata wa mwisho. Mfupi sana, walisema. Akaanzia ligi ya chini kule Cleveland, baadaye Calgary Flames wakamchukua, wakamtumia kidogo kidogo, na mwaka 2000 wakaachana naye. Tampa Bay Lightning wakamuokota, na wakati huo Tampa ilikuwa timu ya mkiani, kwahiyo usidhani alipata zali.

Ruka mpaka 2004. Msimu ule Martin ndo akaongoza NHL nzima kwa pointi, 94, maana kule magoli na asisti vinajumlishwa pamoja, akapewa na tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Tampa wakafika fainali ya Stanley Cup, ndo kombe la ubingwa wa NHL, mshindi ni wa kwanza kushinda mechi nne, na fainali yenyewe ni dhidi ya nani? Calgary! Walewale. Calgary wanaongoza mechi tatu kwa mbili, wakishinda moja tu kombe lao, na mechi ya sita inachezwa kwao Calgary, uwanja mzima mwekundu. Dakika sitini zimeisha sare, nyongeza ya kwanza imeisha sare, nyongeza ya pili inaanza, sekunde 33 tu, mwenzake anapiga, kipa anautema, na nani yupo pale pembeni ya goli kwenye kapembe ambako hata hupaoni nafasi, ni yule mfupi. Goli. Uwanja kimya. Wakarudi Tampa wakamaliza mechi ya saba 2-1, kombe likabaki Florida. Mimi sipendi stori za kisasi lakini hii kwakweli naipenda.

Aliendelea hivo hivo mpaka 2013, akaongoza tena ligi kwa pointi akiwa na miaka 37, hakuna mtu mzee kuliko huyo aliyewahi kufanya hivo. Halafu 2014 ikaja na mambo yake. Timu ya Kanada ya Olimpiki ikatangazwa bila jina lake, na aliyeipanga ni Steve Yzerman, ambaye ndo huyo huyo bosi wake pale Tampa! Baadaye akaitwa kuziba nafasi ya mwenzake majeruhi, akarudi na dhahabu ya Sochi, lakini moyo ulikuwa umeshaondoka Tampa, akaomba kuhama, akaenda New York Rangers. Mwezi wa tano mwaka huo huo mama yake akafariki ghafla, moyo. Rangers walikuwa nyuma kwa mechi 3-1 kwenye mtoano dhidi ya Pittsburgh. Kesho yake jamaa akavaa akacheza, wakashinda, na mechi iliyofuata iliangukia Siku ya Mama, akafunga goli la kwanza. Wakapindua meza wakaenda mpaka fainali, huko ndo Los Angeles Kings wakawatuliza.

Akastaafu 2015 na pointi 1,033, akaingia kwenye ukumbi wa magwiji 2018, na badala ya kukaa kwenye studio za televisheni akaenda kufundisha timu za watoto huko Connecticut, pamoja na watoto wake wa kiume. Watoto kabisa, wazazi wamekaa jukwaani na kahawa.

Februari 2022 Canadiens wako hoi, wameshinda mechi 8 tu wamefungwa 37, kocha anafukuzwa, na bosi mpya Kent Hughes anamleta huyu. Hajawahi kufundisha timu ya watu wazima hata siku moja! Watu walicheka, na nyie mngecheka. Ila kumbuka pia hapa kocha lazima ajue Kifaransa, 2011 waliweka kocha wa muda asiyekijua, mji ukawaka moto mpaka uongozi ukaomba radhi, kwahiyo orodha ya makocha wanaofaa ni fupi kuliko mnavyodhani.

Sasa angalia hii. Kulikuwa na kijana Cole Caufield, mfungaji, naye mfupi hivyo hivyo, msimu ule alikuwa na goli 1 katika mechi 30, amejiinamia. Martin akaingia, kijana akapiga magoli 22 katika mechi 37. Viatu vile vile, fimbo ile ile.

Mimi nina nadharia yangu hapa, mtanibishia. Wayne Gretzky, mchezaji mkubwa kuliko wote, alifundisha timu ya Phoenix misimu minne na hakufika mtoano hata mara moja. Mtu aliyezaliwa na kipaji kile mchezo unamjia wenyewe, sasa atamwelezaje mwingine? Martin hakuwa na mwili, ilibidi kila siku apige hesabu, nisimame wapi hili jitu lisinikute, paki itaangukia wapi sekunde mbili mbele. Mtu aliyejifunza kwa akili anajua njia aliyopita, anaweza kukuonyesha. Ukimsikiliza akiongea na waandishi, robo saa nzima anaongelea nafasi na kusoma mchezo, utadhani mwalimu wa hesabu.

Haikuwa rahisi lakini, misimu miwili mizima ya kwanza hawakugusa mtoano, wakavumiliwa kwasababu timu ilikuwa ya vijana wadogo, na 2025 ndo wakaingia, Washington wakawatoa kwa mechi tano. Canadiens wana vikombe 24 vya Stanley Cup, hakuna timu yenye vingi hivyo, ila cha mwisho ni 1993, na watu hapa uvumilivu wao una tarehe ya mwisho kama maziwa, hilo nawaambia.

Haya wadau, video ijayo nitawaeleza kwanini kwenye hoki mnapigana ngumi refa anawatazama tu, mkimaliza mnaenda kukaa dakika tano kwenye kiboksi alafu mnarudi kucheza. Msisahau kusabskraibu.