Usiulize Kundi Lipi Kubwa, Uliza Nani Anaijua Reli Yako

Mwenyekiti, ndugu zangu, asanteni. Hata sijakaa, nimeshaulizwa pale mlangoni swali la kila mwaka: "Mzee, mimi naunda treni ndogo za mfano, za Kimarekani. Kundi lipi kubwa mtandaoni nijiunge nalo?" Sitalijibu, kwa sababu ukubwa hautakusaidia kitu. Niulize nani anaijua reli yako, yaani kampuni ya reli unayoiiga, skeli yako, yaani kipimo cha udogo wa mfano wako, na mwaka unaouiga.

Chukua behewa la mizigo la Santa Fe, kampuni ya reli ya Marekani, skeli ya HO, yaani 1:87, dogo mara 87 kuliko behewa halisi. Umeamua njia yako ya mfano iige mwaka 1953. Umelipaka rangi, umelichakaza lionekane limetumika, umelipiga picha. Ipeleke picha hiyo kwenye kundi la watu laki moja: utapata vidole gumba na "hongera" nyingi. Umejifunza nini? Hujajifunza kitu. Sasa ipeleke kwa wale wanaoshughulika na mabehewa ya mizigo ya enzi za mvuke peke yake. Haipiti siku, mtu atakwambia: ndugu, ubao wa kutembelea juu ya paa uko wapi? Mwaka 1953 behewa la namna hiyo lilikuwa nao, maana wafanyakazi wa breki walipita huko juu. Mabehewa mapya yalianza kutoka viwandani bila ubao huo mwaka 1966. Atafuata mwingine na kuuliza umeandika nini ubavuni, kwa kuwa kuanzia 1940 Santa Fe walichora ramani ya njia zao upande mmoja, na upande wa pili wakatangaza treni zao za abiria, kama Super Chief na El Capitan. Wa tatu atasema kulikuwa na ramani ya mistari iliyonyooka na nyingine ya mistari iliyopinda, kwa hiyo yako ni ipi? Hapo watabishana wao kwa wao. Wewe tulia usome, maana hakuna duka linalouza maarifa hayo.

Najua mtasema ninawatisha wageni. Hapana. Anayekuonyesha kosa kwa picha ya kiwandani yenye tarehe amekuheshimu kuliko anayekupa kidole gumba na kupita. Kinachomfukuza mgeni ni kuuliza asijibiwe, au kujibiwa kwa dharau. Ukikuta kundi la dharau, ondoka siku hiyo hiyo, hata kama wanajua kila kitu.

Sasa nifike kwenye jambo linalonikosesha usingizi, nanyi mtanisamehe nikilirefusha. Kumbukumbu. Kwa karibu miaka ishirini, maarifa mengi ya kuunda treni ndogo za Marekani na Kanada yalikaa kwenye Yahoo Groups, huduma ya makundi ya mtandaoni ya kampuni ya Yahoo. Reli moja, kundi moja. Wazee waliokuwa mafundi na makarani wa reli zenyewe waliandika humo mambo yasiyo kwenye kitabu chochote, wakaweka michoro, orodha za namba za mabehewa, picha za albamu za nyumbani. Oktoba 2019 ikatangazwa kwamba yote yaliyowekwa humo yatafutwa. Siku ya mwisho ikawa katikati ya Desemba, ikasogezwa hadi mwisho wa Januari 2020. Desemba 2020 huduma yenyewe ikafungwa.

Ni nini kilichookoka? Kilichookoka ni kile kilichokuwa na mwenyewe. Kundi lililokuwa na msimamizi aliye macho lilihamishwa mapema, mengi kwenda Groups.io, huduma nyingine ya namna hiyo, na barua za zamani zikahamia pamoja nalo. Kundi ambalo msimamizi wake alikuwa amefariki au amechoka, na hakuna mwingine mwenye ufunguo, lilipotea. Na baadhi ya wale wazee wameshatutoka, hatuwezi kurudi kuwauliza.

Ndiyo maana nikiingia kundi lolote jipya natazama kwanza mambo haya: je, naweza kutafuta jibu la miaka kumi iliyopita? Je, wasimamizi ni zaidi ya mmoja? Je, kuna mtu anayehifadhi nakala mahali pengine? Mtaniambia Facebook iko na watu wote wako huko. Wako, sikatai. Lakini jibu zuri la leo wiki ijayo limeshafukiwa, na swali lile lile linaulizwa tena, mara ya hamsini, mpaka yule mjuzi anachoka na kunyamaza. Picha ukaitazame huko. Maarifa yahifadhi kwingine.

Kuna anayejiuliza pale nyuma, Wamarekani na reli zao wanatuhusu nini? Madaraja 27 ya chuma ya reli ya Uganda, kule Mau, yalijengwa na American Bridge Company, kampuni ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya ishirini. Na injini za mvuke za kiwanda cha Baldwin zilitoka Philadelphia, Marekani, zikafanya kazi kwenye reli hiyo hiyo. Kumbukumbu za Baldwin zimo kwenye maktaba ya DeGolyer Library, Dallas, Texas. Siku ukitaka kuunda injini ile, watakaokufundisha kuzisoma karatasi hizo ni watu wa vikundi hivi ninavyovisema.

Naona saa. Haraka haraka basi. Chama cha NMRA, yaani chama cha waundaji wa treni za mfano cha Marekani, kilichoanzishwa Milwaukee mwaka 1935, ndicho kilichoweka vipimo ili behewa la kampuni hii liweze kutembea kwenye njia ya kampuni ile. Kina matawi ya mikoa, mtafute aliye karibu nawe. Wanaopenda kuendesha treni kwa ratiba na hati za mizigo wana kundi lao, Operations SIG. Wa kompyuta, ingieni kwa watu wa JMRI, programu ya kuendesha treni za mfano kwa kompyuta, ni ya bure na wanajibu. Ukifika San Diego, nenda bustani ya Balboa Park ukaone mfano wa njia ya reli ya milima ya Tehachapi, California, ilivyojengwa na klabu ya La Mesa, uongee na wanachama wenyewe. Chama cha wapenzi wa reli yako pia kitafute, karibu kila reli kubwa kinacho. Free-mo, yaani njia za mfano za vipande vinavyounganishwa, nilitaka kuieleza kwa kirefu, lakini mwenyekiti ameshasimama. Karatasi yenye anwani za vikundi iko pale mezani, chukueni, na ukiingia kundi soma barua za zamani kabla ya kuuliza.