Kupiga Mfumo Upya kwenye Kompyuta ya Mezani ya Zamani: Dell OptiPlex 7010

Habari zenu wadau. Mashine mnayoiona hapa mezani ni Dell OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012. Nataja mwaka kwa sababu Dell wamelirudia jina hilo mwaka 2023 kwenye mashine nyingine kabisa. Hii ina Core i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 4 na diski ya kuzunguka ya GB 500. Mwenyewe kaileta akisema, “Fundi, nipigie window, imekuwa nzito.”

Kabla ya kupiga window, tuulize kwanza window ipi. Windows 10 ilifikia mwisho wa masasisho yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine hii haina hata kimoja. Ndiyo, najua ukaguzi wa vigezo hivyo unakwepeka, na mafundi wengi wanaukwepa. Mimi sipendi kumkabidhi mteja mfumo ambao mtengenezaji wake ameshasema hauhudumii mashine hiyo. Na wewe mwenye Core 2 Duo, usijisumbue kabisa: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 haiwaki kwenye prosesa hizo hata ukikwepa ukaguzi.

Kwa hiyo leo tunaweka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, mfululizo wa 22, aina ya Xfce ambayo ni nyepesi. Mfululizo huo unapata masasisho hadi mwaka 2029, na ni bure. Ila kama kazi yako inategemea programu ya mahesabu inayokubali Windows tu, fuatana nami hadi kwenye kubadilisha diski, halafu bakia na Windows yako. Hilo la diski litakusaidia vilevile.

Tuanze na mafaili, na hapa sina haraka. Chomeka diski ya nje. Kunakili Desktop, Documents, Pictures na Downloads kila mtu anakumbuka. Vinavyosahaulika ni vile visivyokaa humo. Programu za mauzo na mahesabu mara nyingi huhifadhi data ndani ya folda yake yenyewe kwenye diski C, kwa hiyo ifungue programu, tafuta sehemu ya bakapu, itoe kutoka humo. Anayetumia Outlook atafute faili linaloishia na PST. Nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zitoe pia, au hakikisha mwenyewe anazikumbuka. Mwache atumie kivinjari alichokizoea akiwa amekaa hapo, umwone anaingia kwenye barua pepe yake kwa kuandika nywila kwa mkono. Ukimaliza, chomoa diski hiyo, ipeleke kwenye kompyuta nyingine, ufungue mafaili matatu manne. Faili kuonekana kwenye orodha hakumaanishi linafunguka.

Sasa zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kwanza ndipo uguse kitu cha ndani. Vumbi lipulize, lakini feni ishike kwa kidole isizunguke. Ukiwa humo, angalia betri ya duara, CR2032. Kompyuta inayorudi mwaka wa nyuma kila ikizimwa, shida yake ni betri hiyo, na saa ikiwa mbovu hata tovuti zitakataa kufunguka kwa madai kwamba cheti cha usalama si halali. Watu wamepigiwa window mara mbili kwa tatizo la betri!

Diski ya kuzunguka naitoa, naweka SSD, diski isiyozunguka na yenye kasi zaidi, ya inchi 2.5. Nyaya ni zilezile: SATA ya data na ya umeme. Kama pesa ya mteja inatosha kitu kimoja tu, naanza na SSD, RAM baadaye. Ikipatikana ya ziada, ongeza RAM ya aina ya DDR3 hadi GB 8. Usinunue DDR4, haiingii. Diski ya zamani usiifute leo. Ikae kando mpaka mwenyewe aseme hakuna kinachokosekana.

Fleshi ya kuwekea Mint tunaiandaa kwenye kompyuta nyingine. Faili la ISO, yaani Mint nzima ndani ya faili moja, linakaribia GB 3, basi tumia bando la usiku au Wi-Fi ya kuaminika. Lipakue kutoka tovuti ya Linux Mint yenyewe, usichukue la kupewa kwenye fleshi ya mtu. Likishashuka, fungua dirisha la amri la Windows kwenye folda lilipo, uandike certutil -hashfile, nafasi, jina la faili, nafasi, SHA256. Itatoka namba ndefu. Ilinganishe na iliyo kwenye tovuti. Zikitofautiana hata herufi moja, pakua upya. Baada ya hapo fungua Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye fleshi, chagua fleshi, chagua ISO, bonyeza Start. Vyote vilivyomo kwenye fleshi vitafutika. Kompyuta yako ikiwa bado ni Windows 7, Rufus mpya haitafunguka, tafuta toleo 3.22.

Chomeka fleshi nyuma ya kasha, washa, na gongagonga F12 tangu nembo ya Dell inapotokea. Kwenye HP ni F9. Fleshi itaonekana mara mbili, chini ya Legacy (njia ya zamani ya kuwasha) na chini ya UEFI (njia mpya). Chagua ya UEFI. Mashine kongwe zaidi isiyo na UEFI, chukua ile nyingine, haina neno. Skrini ikibaki nyeusi, rudia na uchague “Compatibility mode” kwenye menyu ya mwanzo.

Mnachokiona sasa ni Mint ikifanya kazi kutoka kwenye fleshi; kwenye diski bado hatujagusa kitu. Jaribu sauti, mtandao, kifaa cha Wi-Fi, na hasa printa. Printa nyingi hutambulika zenyewe, lakini Canon LBP2900, ambayo iko kwenye steshenari nyingi, inahitaji draiva ya CAPT na ina usumbufu wake. Ni bora mteja alijue hilo sasa hivi.

Bofya “Install Linux Mint”. Lugha, kibodi, kisha weka tiki kwenye kodeki, yaani vinavyowezesha kucheza sauti na video. Unafika kwenye swali zito: “Erase disk and install Linux Mint”. Maana yake ni hiyohiyo, itafuta diski yote. Kama kasha lako lina diski mbili, mimi sitegemei macho. Nazima, nachomoa waya wa SATA wa diski yenye data, ndipo naendelea. Diski isipoonekana kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine) kwa F2, tafuta SATA Operation, iweke AHCI. Baada ya hapo ni eneo la saa, jina na nywila. Nywila hiyo itaombwa kila unapoweka programu, kwa hiyo mwenye kompyuta aiandike mwenyewe.

Kwenye SSD haichukui muda. Kama umeme wa kwenu hautabiriki, ichomeke kwenye UPS kabla ya kubofya. Ikikatika katikati hakuna kilichoungua, utaanza upya tu. Mwisho itakuambia utoe fleshi na ubonyeze Enter.

Ikiwaka, fungua Update Manager uruhusu masasisho yote, kisha Timeshift, ambayo hupiga picha ya mfumo ili ukiharibika uurudishe ulivyokuwa. Timeshift haishughuliki na nyaraka zako, hizo ziendelee kuwa na bakapu yake. Rudisha mafaili kutoka diski ya nje. LibreOffice itafungua Word na Excel. Mpangilio wa kurasa unaweza kusogea kidogo fonti zikikosekana, basi barua rasmi zitume kwa PDF. Na fleshi uliyotumia iandike jina, uiweke kwenye droo: siku kompyuta ikikataa kuwaka, utaiwasha kwa hiyo uchukue mafaili yako.