Gunther Darini: Namna ya Kutazama Mchoro wa Wino wa Fuseli

Mabibi na mabwana, naanza na ombi langu lilelile: acheni kusoma kibao kwanza! Mtu anaingia makumbusho, kibao anakipa dakika mbili, mchoro sekunde tano, kisha anasema ameuona.

Huu hapa ni wa Henry Fuseli, Mswisi wa Zürich aliyehamia London. Aliuchora mwaka 1807 na sasa uko Nottingham, Uingereza. Amejilaza Brunhild, anamtazama mumewe Gunther, mfalme wa Waburgundi, kabila la kale la Kijerumani, anavyoning'inia juu, kafungwa mikono na miguu. Usiku wa harusi, jamani! Bwana harusi alitaka kutumia nguvu. Bibi harusi akamfunga kwa mshipi wake akamwacha hapo mpaka alfajiri.

Sasa, wapo walioisoma hekaya yenyewe, Nibelungenlied, utenzi wa Kijerumani wa karibu mwaka 1200, na najua wanachotaka kusema: mbona kule Gunther alitundikwa ukutani, kwenye msumari? Ndiyo, msumari. Hapo ndipo pa kutulia. Aliyetundikwa ukutani ana pa kuegemeza mgongo. Fuseli kamnyang'anya hata ukuta, kamning'iniza darini. Tena karatasi kaisimamisha wima, mume juu, mke chini. Tumezoea kwamba anayewekwa juu ndiye mwenye enzi. Hapa aliye juu ni mzigo, na mwenye amri amelala. Utenzi hausemi hivyo. Mchoro ndio unaosema.

Msiniambie alisahau. Alikuwa mwanafunzi wa Bodmer, msomi wa Zürich, yuleyule aliyechapisha sehemu ya utenzi huo mwaka 1757, miaka miwili tu baada ya hati yake ya kale kugunduliwa Hohenems, mji wa Austria. Msumari aliujua vizuri sana.

Haya, wino. Kwa kawaida penseli hutangulia, kalamu ya unyoya hufuata, brashi yenye wino uliozimuliwa kwa maji humalizia. Weupe mwingi haukupakwa. Ni karatasi iliyoachwa. Kwa hiyo tafuta brashi ilipokataa kupita. Kosa halifutiki kirahisi: brashi ikipita kabla mstari haujakauka, wino unatawanyika, ukirudia tabaka lililoanza kukauka, unabaki ukingo mweusi wa doa.

Wino uliotumika sana enzi hizo ulitengenezwa kwa vinundu vinavyoota kwenye mti wa mwaloni, chumvi ya chuma na gundi ya mgunga. Ukiandika unakuwa hafifu, hewa inaukoleza mpaka mweusi, miaka ikipita unageuka kahawia. Basi ukiona kahawia, usiharakishe kusema msanii aliichagua. Asidi ikizidi, wino unaila karatasi mpaka inatoboka.

Kingine: Fuseli alichorea mkono wa kushoto. Mistari yake ya kivuli huteremka kutoka kushoto juu kwenda kulia chini. Ya mtu wa mkono wa kulia huelekea upande mwingine. Ukiambiwa mchoro fulani ni wake, anza hapo.

Na msinung'unike kwamba chumba kina giza. Michoro ya karatasi huwekewa mwanga hafifu, takriban laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), ili isififie. Subirini macho yazoee.

Naona naonyeshwa saa. Alama ya maji ndani ya karatasi, basi, tuiache. Shujaa Siegfried, aliyemsaidia Gunther usiku wa pili, na joho lake la kumfanya asionekane, navyo basi, tuviache. Fuseli hakuvichora hapa. Nani ana swali?