Nani Anafungua Nozeli? Mhadhara kuhusu Kontroli Boksi za Kufunga Wenyewe

Ndugu zangu mafundi, nanyi wapenzi wa magari mliofika, asanteni. Leo tunazungumzia kontroli boksi, yaani kompyuta za kuendesha injini, zisizotoka kiwandani na gari, zile tunazofunga wenyewe, kwenye injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Niseme mapema ninakoelekea. Kwenye injini hizi, usianze kuuliza boksi ina ramani (majedwali ya mafuta na cheche) ngapi au itaongeza nguvu za farasi ngapi. Uliza kwanza nani atafungua nozeli, ile valvu ndogo ya umeme inayopuliza petroli, na nani atatawala pampu ya presha kubwa. Boksi isiyo na majibu ya maswali hayo mawili haina kazi hapa, hata ingekuwa na mazuri mengine kiasi gani.

Mfumo wenyewe si mgeni. Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 ilipuliza petroli ndani ya silinda kwa pampu ya Bosch, chuma kitupu, bila elektroniki yoyote. Kompyuta ndiyo iliyoufikisha kwenye magari ya watu wote: mwaka 1996 Mitsubishi waliingiza sokoni Galant yenye injini ya GDI, jina lao la kupuliza petroli moja kwa moja, na kampuni nyingine zikafuata.

Sasa nozeli. Kwenye injini tulizozizoea inakaa kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye silinda), presha ya mafuta ni baa 3 au 4, na kuifungua ni kazi nyepesi: ina volti 12 upande mmoja, boksi inaipa ethi (hasi) upande wa pili, basi. Transista moja, swichi ya elektroniki, inatosha. Nozeli ya ndani ya silinda inapambana na baa 200, na za siku hizi hufika 350. Kwa volti 12 peke yake sindano inayoziba tundu la nozeli itachelewa kuinuka, au haitainuka kabisa. Kwa hiyo ndani ya boksi lazima kuwe na saketi inayopandisha umeme wa betri hadi volti 65 hivi, kuuhifadhi kwenye kapasita, kisha kuumwaga kwa mkupuo.

Fungeni klampu ya ampea kwenye waya wa nozeli, muangalie oskiloskopu, kifaa kinachochora umeme kwenye skrini. Mkondo unapanda karibu wima hadi ampea 10 au zaidi, chini ya nusu ya milisekunde. Unakatwa, unashuka, halafu unatulia kwenye ampea 2 na nusu hivi, ukipanda na kushuka kidogokidogo mpaka muda wa kupuliza uishe. Mwisho unakatwa ghafla ili sindano irudi haraka. Hakuna kipande cha mchoro huo kilichowekwa bure. Kilele kikiwa kifupi, silinda inapata mafuta pungufu. Mkondo wa kushikilia ukizidi, koili ya nozeli inachemka na kuungua. Kuna pia nozeli za piezo, zinazofunguliwa na fuwele inayotanuka ikipewa umeme badala ya koili, ambazo ni habari nyingine kabisa: zinataka volti zaidi ya 100, na kuzifunga ni mpaka uondoe chaji uliyozipa. Boksi iliyotengenezwa kwa nozeli za koili haiziwezi, hata kama plagi zake zinaingiana.

Tukija kwenye muda, hapa ndipo wengi wanapokwama. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mzunguko mmoja unachukua milisekunde 10. Nozeli ya manifoldi inaweza kupuliza karibu mizunguko yote miwili, milisekunde 20, kwa sababu mafuta yanaweza kusubiri nyuma ya valvu iliyofungwa. Ya ndani ina milisekunde 5 za pistoni kushuka ikivuta hewa, na kipande kidogo pistoni ikianza kupanda. Ukichelewesha, petroli haipati nafasi ya kugeuka mvuke na masizi yanazidi. Ukiwahisha mno, unalowesha kichwa cha pistoni. Anayefunga turbo kubwa anajikuta ana hewa ya kutosha lakini muda wa kuipatia mafuta umekwisha.

Wengine hudhani dawa ni kupandisha presha. Mafuta yanayotoka hufuata kipeuo cha pili cha presha: ukiizidisha mara mbili unapata nyongeza ya asilimia 41 tu, huku pampu na nozeli zikiteseka. Mimi naona ni afadhali kuongeza nozeli za manifoldi zisaidie mzigo ukiwa mkubwa. Toyota wanafanya hivyo kiwandani kwenye mfumo wao wa D-4S, na faida nyingine ni kwamba petroli inaosha valvu za hewa, ambazo kwenye injini ya nozeli za ndani pekee hujaa kaboni.

Pampu nayo ina mambo yake. Ni pistoni moja inayosukumwa na nundu za kamshafti (shafti inayofungua valvu za injini), pamoja na valvu ya umeme. Pistoni ikipanda na valvu iko wazi, mafuta yanarudi yalikotoka. Valvu ikifungwa, yaliyobaki yanasukumwa kwenye reli, bomba linalogawia nozeli mafuta. Ifungwe mapema, mafuta mengi yanaingia na presha inapanda. Ichelewe, inashuka. Maana yake boksi lazima ijue pembe ya kamshafti kila wakati. Na kama kamshafti hiyo ni ile inayosogezwa na mfumo wa kubadili muda wa valvu, nundu za pampu zinasogea nayo. Boksi isiyofuatilia msogeo huo itayumbisha presha ya reli, na hesabu yote ya mafuta itaharibika, maana muda wa kufungua nozeli unakokotolewa kutokana na presha hiyo hiyo.

Mfunge nini basi? Gari la barabarani lenye injini yake ya asili, andikeni upya programu ya boksi ya kiwandani. Tayari inajua nozeli zake na pampu yake. Boksi huru ni ya mashindano, au ya injini iliyohamishiwa gari lingine. MoTeC M142, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya nozeli za aina hii. Zile boksi ndogo zinazochomekwa kwenye waya wa sensa ya reli na kuidanganya kompyuta kwamba presha iko chini, ili ipandishe, siziungi mkono hata kidogo. Zinaifumba macho kompyuta inayolinda injini.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, hakikisheni kwamba boksi inasoma pembe ya kamshafti sawasawa. Msishike nyaya za nozeli injini ikiwaka, wala msilegeze bomba la reli kabla presha haijashuka: petroli ya baa 200 inatoboa ngozi. Injini ikishawaka, iangalieni presha ya reli injini ikiwa sailensa, bila kukanyaga mafuta, kisha mkiongeza mzunguko polepole. Ikitulia ndipo mguse ramani za mafuta na za cheche. Karibuni kwa maswali.