Kitabu cha Nakala cha William Fitzhugh: Kusoma Barua za Mkulima wa Tumbaku wa Virginia, 1679–1699

Mabibi na mabwana, shikamooni wakubwa, na wengine wote nawasalimu.

Barua tunazozisoma leo ni za William Fitzhugh, mzaliwa wa Bedford, Uingereza, mwaka 1651. Alikuwa mwanasheria, akavuka bahari angali kijana na kuweka makazi kando ya mto Potomac, katika wilaya ya Stafford, Virginia, wakati huo koloni la Uingereza huko Amerika Kaskazini. Kwanza tujue kilichosalia ni nini. Zilizotufikia ni nakala alizobaki nazo kitabuni. Barua zenyewe zilikwenda London, Bristol na Liverpool, na majibu hayamo. Anapolalamika kwamba tumbaku yake imeuzwa kwa bei ya kutupa, wakala aliyeiuza hatumsikii akijitetea. Jambo la pili ni tarehe. Kwa Waingereza wa wakati ule mwaka mpya ulianza 25 Machi, ndiyo maana mtaona barua ya Februari imeandikwa 1682/83. Kwetu sisi hiyo ni 1683. Wapo waliopanga barua hizi kwa kufuata mwaka wa kwanza kati ya hiyo miwili, wakaishia kuweka jibu kabla ya swali.

Wasomaji wengi huzigawa barua hizi mafungu mawili: hizi za biashara, hizi za familia. Mimi naona mgawanyo huo haushiki, na sababu yake ni fedha. Virginia haikuwa na sarafu za kutosha. Kodi, mshahara wa kasisi, ada ya mwanasheria na deni la dukani vyote vilihesabiwa kwa ratili za tumbaku, ratili moja ikiwa karibu nusu kilo. Mahali pasipo na benki wala sarafu, mali ya mtu huhifadhiwa katika vitu vitatu: tumbaku iliyoko njiani, watu wanaomdhamini, na jina lake. Barua ndiyo iliyoviunganisha.

Tuanze na tumbaku. Mbegu zilimwagwa kitaluni mwishoni mwa majira ya baridi. Miche ikahamishiwa shambani kuanzia Mei, ardhi ikiwa na unyevu. Kisha kilele kinakatwa, machipukizi yanaondolewa kila mara, viwavi vinaokotwa kwa mkono, na mwisho wa kiangazi mmea mzima unakatwa na kutundikwa kwenye banda la kukaushia, yaani bani, kama wanavyoliita wakulima wa Urambo. Ila msije mkadhani hii ni tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto. Mabomba ya joto ndani ya bani ni mambo ya karne ya 19. Hii ilikaushwa hasa kwa hewa.

Hatari kubwa ilikuwa wakati wa kushindilia majani kwenye pipa. Yakiwa makavu mno, yanavunjika na kuwa vumbi. Yakiwa na maji kupita kiasi, pipa linaonekana zuri siku ya kupakia, kisha linachemka lenyewe tumboni mwa meli na kufika London limeoza katikati. Ilibidi kungoja siku yenye unyevu, jani likunjike bila kupasuka wala kutoa maji. Pipa la wakati wa Fitzhugh lilibeba takribani ratili 500. Karne iliyofuata mapipa yalinenepa hadi ratili 1,000. Nahodha alitoza kwa tani, na tani ya meli ilihesabiwa kuwa mapipa manne, kwa hiyo kila aliyeweza kushindilia zaidi alipunguza nauli. Pipa lililojazwa mno nalo lilipasuka likiviringishwa kwenda gatini.

Likishafika, wakala huliuza na kurudisha hesabu ya mauzo. Karatasi hii ndiyo moyo wa barua zote, na lazima muweze kuisoma. Juu huandikwa bei ya jumla. Chini yake makato yanashuka ngazi kwa ngazi: ushuru wa forodha, nauli, uchukuzi, fundi wa mapipa, kodi ya ghala, na mwisho kamisheni ya wakala, ambayo desturi yake ilikuwa asilimia 2.5. Kuanzia 1685, Mfalme James II alipopandisha ushuru, kila ratili iliyoingia kutumika Uingereza ilidaiwa peni 5. Pigeni hesabu, mkikumbuka kwamba peni 12 zilifanya shilingi na shilingi 20 zilifanya pauni. Pipa la ratili 500 linadaiwa peni 2,500, yaani pauni 10, shilingi 8 na peni 4. Tumbaku hiyohiyo, kwa bei anayoitumia Fitzhugh mwaka 1686 ya shilingi 10 kwa ratili 100, ilikuwa na thamani ya pauni 2 na nusu ikiwa Virginia. Ushuru ulizidi mara nne bei ya mkulima! Mzigo uliosafirishwa tena kwenda Uholanzi au kwingineko Ulaya ulirudishiwa sehemu kubwa ya ushuru, na hapo wakala mjuzi alionyesha thamani yake, au alijinufaisha kimyakimya. Karne ya 18 wakulima wakawa wanalalamika wazi kwamba kamisheni inakatwa kwenye bei ya jumla, ushuru ukiwa ndani yake.

Malipo yalipita kwa hundi. Fitzhugh akidaiwa na jirani, humwandikia John Cooper, mfanyabiashara wa London, amlipe mwenye karatasi hii kiasi fulani baada ya siku fulani. Hundi iliandikwa nakala tatu, zikapanda meli tofauti. Ikilipwa moja, mbili zinakufa. Cooper akikataa kwa sababu tumbaku haikutosha, mthibitishaji anaandika rasmi kwamba hundi imekataliwa, nayo inarudi Virginia na fidia juu yake. Hasara hiyo ya fedha ilikuwa ndogo kuliko fedheha, maana kila mtu gatini angejua kwamba saini ya fulani London haipokelewi. Sasa angalieni rafiki anayemwandikia kwa upole kuliko wengine: Nicholas Hayward, ambaye kazi yake ilikuwa uthibitishaji wa hati London. Sidhani kama upole huo ulikuwa wa bure.

Basi tukifika kwenye barua za nyumbani, tuzisome kwa jicho hilohilo. Dada yake Dorothy alipokuwa anajiandaa kuja Virginia, Fitzhugh alitaka aje amevaa vizuri, kiungwana, akiwa na kijakazi wa kumhudumia, na nauli za wote wawili ziwe zimelipwa hukohuko Uingereza. Upendo wa kaka upo humo, sikatai. Lakini nauli ikilipwa ng'ambo inatangaza kwamba ukoo wa Fitzhugh una watu, na jambo hilo lilimpa mtu uzito wa kukopa.

Vyombo vya fedha pia. Mwaka 1688 anamweleza Hayward kwa nini anaviagiza: vinampa matumizi na heshima leo, vinamwokoa akibanwa bila hasara kubwa, na vitakuwa fungu la mtoto atakapokufa. Aliagiza vyombo vizito visivyo na mapambo. Ni busara ya mtu anayejua kwamba chombo kikiyeyushwa unarudishiwa uzito wake, ila ujira wa sonara umepotea. Akiba hiyo haikuwa inategemea meli ifike salama, na alikuwa na haki ya kuogopa: vita na Ufaransa vilianza mwaka uliofuata, meli zikalazimika kungoja msafara wa manowari, na nauli zikapanda mno hadi 1697.

Barua inayonukuliwa zaidi ni ya Aprili 1686 kwa Dk. Ralph Smith. Humo anataja shamba la ekari 1,000, nyumba ya vyumba 13, miti ya tufaha ipatayo 2,500, bustani ya futi 100 kwa 100, na mapato ya ratili 60,000 kwa mwaka, sawa na pauni 300. Wengi huisoma kama picha ya maisha ya Virginia. Someni kwa tahadhari, kwa maana alikuwa anatafuta kubadilishana mali hiyo na mali iliyoko Uingereza. Ni tangazo la muuzaji, na muuzaji hasifii kunguni.

Ndani ya tangazo hilo wamo watu 29 weusi. Hawatajwi kwa majina. Anasema wengi wamezaliwa hukohuko Virginia, na kwamba kwa kuwa ni vijana na kuna wanawake wa kuzaa, idadi yao itajihuisha daima. Maneno hayo yana sheria nyuma yake: tangu 1662 mtoto aliyezaliwa Virginia alifuata hali ya mama yake, kwa hiyo mtoto wa mtumwa aliingia kwenye hesabu ya bwana siku aliyozaliwa.

Miaka mitatu kabla, katika ile barua ya Februari 1682/83, Fitzhugh anampa mfanyabiashara wa New England orodha ya bei. Mtoto wa miaka 7 hadi 11, ratili 3,000 za tumbaku. Wa 11 hadi 15, ratili 4,000. Aliyepita 15 lakini hajazidi 24, ratili 5,000. Umri umepangwa madarajani kama majani. Ratili 5,000 ni mapipa kumi, na tayari mmeona jasho linaloingia katika pipa moja na nani aliyelitoa. Ukinunuliwa kwa mapipa kumi, unatumwa kuyajaza mengine.

Mfumo huu wa wakala ulidumu. George Washington aliwatumia Robert Cary na wenzake wa London, na 1764 alijikuta anadaiwa nao zaidi ya pauni 1,800. Punde akageukia ngano. Fitzhugh hakufika huko. Alikufa 1701, akiwa na zaidi ya ekari 54,000, na wosia wake ukagawa ardhi, vyombo vya fedha na watumwa kwa wanawe watano.

Mwenye swali kuhusu hesabu za mapipa au tarehe, karibu aanze.