Kupaka bolti nikeli bila umeme

Mtazamaji, hizi ni bolti za M10 (unene milimita 10) za chuma cha kawaida. Ukizichovya kwenye zinki ya moto ya nyuzi 450, meno hujaa zinki na nati haipiti. Nikeli inayojishika kwa kemikali hutanda sawasawa, hata ndani ya meno. Ila zinki huliwa yenyewe ili chuma kipone, nikeli haifanyi hivyo: ikibaki na kitundu, kutu huchimba hapohapo. Basi kazi kubwa ni usafi.

Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Chumvi ya nikeli ni sumu, inaweza kuleta saratani.

Toa kutu kwa brashi ya waya. Loweka bolti dakika 10 kwenye kostiki soda, gramu 50 kwa lita, nyuzi 70. Suuza, kisha dakika moja kwenye asidi ya chumvi ya asilimia 10. Wakati wa kuichanganya, asidi ndiyo imiminwe kwenye maji, kamwe si kinyume. Suuza tena, uangalie: maji yakijikusanya matone, mafuta bado yapo. Rudia soda.

Dawa ya lita moja: maji ya betri yasiyo na asidi (ya bomba ya huku Arusha yana floridi na madini mengine), nikeli salfeti gramu 26, asidi ya laktiki gramu 27. Dondosha amonia hadi pH (kipimo cha uchachu) ifike 4.6. Mwisho tia sodiamu haipofosfaiti gramu 24.

Tumia chombo cha kioo kisichopasuka kwa moto, ukikiweka ndani ya sufuria ya maji. Arusha maji huchemka karibu nyuzi 95, na hiyo ni kinga nzuri: dawa haipiti hapo. Moto wa moja kwa moja huunguza chini, nikeli inaganda chomboni, dawa yote inageuka unga mweusi. Lenga nyuzi 88 hadi 90.

Ning'iniza bolti tatu tu kwa lita, zikiwa bado mbichi, kwa uzi wa nailoni. Viputo vitaanza mara moja. Visipotoka, joto ni dogo au pH imeshuka. Pima pH kila dakika 20, ongeza amonia kidogo. Baada ya saa moja na nusu hadi mbili utapata unene wa mikroni 25 hivi (milimita 0.025). Kwa bolti za kutumika nje usikubali pungufu. Bolti zenye alama 10.9 usizipake hivi, haidrojeni, gesi ya vile viputo, huzifanya zikatike ghafla.

Meno yatanenepa kama milimita 0.1, hivyo chagua nati iliyolegea kidogo. Loweka bolti moja siku nzima kwenye maji ya chumvi: doa la kahawia ni kitundu, brashi haikufika au usafi haukutosha.

Dawa iliyochoka usiimwage mferejini, maji hayo yanakwenda migombani. Ihifadhi kwenye dumu lenye alama, umpe mwenye kibali cha taka hatarishi.