Akiugua mara ya pili: mwajiri anawajibika lini?

REHEMA: Leo tunamzungumzia mtu anayeugua akili kwa sababu ya kazi. Si uchovu wa kumaliza wiki. Ugonjwa kabisa, mpaka daktari anamwandikia cheti. Kaka Juma, huyu anaweza kumdai mwajiri fidia kwa uzembe?

JUMA: Anaweza, ila njia ni nyembamba. Tukae na sheria ya Uingereza, huko mahakama zimelichambua sana jambo hili. Kwanza awe na ugonjwa wa akili unaotambulika kitabibu. Hasira, huzuni au msongo wa mawazo pekee havimfikishi popote. Halafu, na hapa ndipo kesi nyingi hufia, aonyeshe kwamba mwajiri angeweza kuona mapema kuwa mtu huyu ataugua.

REHEMA: Mtu huyu, si wafanyakazi kwa jumla?

JUMA: Huyu hasa. Chukua kesi ya Walker dhidi ya Baraza la Kaunti ya Northumberland, iliyoamuliwa 1994. Alikuwa ofisa wa ustawi wa jamii, akisimamia timu za kulinda watoto wanaoteswa. Kazi ikaongezeka, watumishi wakabaki walewale. Novemba 1986 akaugua, akarudi Machi 1987.

REHEMA: Kwa ugonjwa ule alilipwa?

JUMA: Hapana. Jaji aliona kwamba mara ya kwanza mwajiri asingeweza kujua. Lakini sikiliza alivyorudi. Kazi imelundikana, ameahidiwa msaidizi. Baada ya mwezi hivi, msaidizi akaondolewa. Septemba akaugua tena, na safari hiyo hakurudi.

REHEMA: Jamani! Msaidizi mmoja tu.

JUMA: Ndiye aliyewaponza. Sasa walishajua. Baraza likajitetea kwamba bajeti ni finyu, jaji akasema hata hivyo lilipaswa kumpa msaada.

REHEMA: Lakini mwaka 2002 Mahakama ya Rufani ilikaza, katika kesi ya Hatton dhidi ya Sutherland.

JUMA: Ilikaza, naam. Jaji Hale aliorodhesha mambo 16. Kwamba hakuna kazi ya kuhesabiwa kuwa hatari kwa akili kwa asili yake. Kwamba mwajiri anaruhusiwa kudhani mfanyakazi anamudu shinikizo la kawaida la kazi, mpaka aone dalili za wazi. Na anayerudi kutoka likizo ya ugonjwa bila kusema lolote, kwa kawaida huchukuliwa kwamba amepona.

REHEMA: Hapo mimi sikubali. Ugonjwa wenyewe ndio unaomnyang'anya mtu nguvu ya kusema! Anaogopa ataonekana mzembe.

JUMA: Ndiyo maana naipenda kesi ya Barber, iliyofika mwaka 2004 kwa Malodi, majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo. Mwalimu wa hisabati huko Somerset, akifanya kazi saa 61 hadi 70 kwa wiki. Akakosekana wiki tatu, na vyeti vya daktari vikataja msongo na mfadhaiko. Aliporudi akamwendea mkuu wa shule, akajibiwa kwamba walimu wote wana msongo.

REHEMA: Hilo jibu nimelisikia mara nyingi mno. "Sote tumechoka."

JUMA: Malodi wengi waliona kwamba cheti kile kilitosha kuwafanya viongozi wamwite, wamuulize, wampunguzie. Mwalimu alishinda.

REHEMA: Na kampuni inayosema, "Sisi tuna huduma ya ushauri nasaha"?

JUMA: Inasaidia, ila si kinga. Mwaka 2007, katika kesi ya Intel dhidi ya Daw, mahakama ilisema ushauri nasaha haukuweza kumwondolea mfanyakazi mzigo. Mwenye uwezo wa kupunguza kazi ni menejimenti.

REHEMA: Basi anayetusikiliza, na ameanza kuzidiwa, afanye nini kesho asubuhi?

JUMA: Aandike. Asiandike "nina kazi nyingi", hilo kila mtu huliandika. Amwandikie yule anayegawa kazi: "Tangu nirudi nimeanza tena kukosa usingizi, daktari amenionya, na kazi mliyoahidi kunipunguzia bado ninayo." Tarehe iwepo, na nakala abaki nayo.

REHEMA: Na asipoweza kuandika mwenyewe, dada, ndugu au mwenzake wa kazini amsaidie kuiandika barua hiyo.